Mama Joan wa Roret Yuko Hewani

Kule Kimulot, juu ya duka la dawa za mifugo, kuna kituo kidogo cha redio kiitwacho Redio Umande. Ukipanda ngazi zake unapokewa kwanza na harufu ya dawa ya kupe, kisha na sauti ya mtu anayezungumza na watu asiowaona. Aliyekuwa akipanga nani azungumze saa ngapi, na muziki gani umfuate, ni Fancy Chepkosgei, msichana aliyerudi nyumbani kutoka chuo kikuu "kujipanga mwaka mmoja tu", na mwaka huo sasa ulikuwa ukielekea kutimiza miaka minne.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Wagumu walikuwa watu. Alfajiri redio ilifunguliwa kwa sala na nyimbo za dini. Wachuma majani chai walitaka sala fupi, kwa kuwa walikuwa tayari njiani. Wazee wa kanisa walitaka ndefu, kwa kuwa walikuwa bado kitandani. Baada ya habari kilikuja kipindi cha maziwa na majani, ambapo daktari wa mifugo alijibu maswali, na hakuna hata siku moja ambapo ng'ombe mgonjwa alikuwa wa mpiga simu. Siku zote alikuwa wa jirani. Mchana vijana walipewa saa yao ya muziki wa mjini, ambao akina mama waliusikiliza kwa sauti ya chini huku wakiulaani kwa sauti ya juu. Jioni zikaja nyimbo za Kikipsigis, matangazo ya vifo, na mjadala wa afya uliokuwa ukiishia kwenye siasa hata kama ulianza na minyoo.

Na kila Jumamosi alasiri, majani yakishapimwa na watu wakishanawa miguu, aliingia Calvince Ojwang na kipindi chake cha benga na rumba, "Salamu za Ziwani". Wazazi wa Ojwang walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, naye alizaliwa hapa hapa katika nyumba za wafanyakazi. Kikipsigis chake kilikuwa kizuri kuliko cha Fancy, na hakuwa mtu wa kuacha jambo kama hilo lipite bila kutajwa.

Shida ilianza kwenye kamati ya wasikilizaji. Mwenyekiti wake alikuwa Mzee Mathew Kiplangat, mzee wa kanisa, mkulima wa chai, mtu aliyependa mambo mawili duniani, ng'ombe wake na maoni yake, na ng'ombe walikuwa wa pili. Alikuwa pia baba yake Fancy.

"Hii penka," alisema Mzee Mathew mbele ya kamati, kwani neno benga halikuwahi kumtii, "inaharibu watu. Jumamosi mtu anafaa kutayarisha roho kwa sababu ya Jumapili. Sasa unasikia gitaa inalia kama mbuzi imeshikwa na waya, na watoto wanatingisha kiuno."

"Watoto gani, Baba?" Fancy aliuliza.

"Watoto."

"Kwetu hakuna watoto."

"Si ndiyo hiyo nasema? Hakuna watoto na kiuno inatingishwa! Juzi nimetoka senta ya majani nikapata mama yako anafagia nyumba na mtindo mimi sielewi."

Wanakamati walitikisa vichwa kwa masikitiko. Ikaamuliwa kwamba saa ile ya Jumamosi ipewe kipindi cha mazungumzo, cha maadili, kitakachoongozwa na mtu mzima mwenye busara zake. Fancy akauliza ni mtu gani huyo. Wote wakamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama dari, kama mtu anayetafuta jina la mwingine huko juu na kulikosa.

"Kama mmenilazimisha," alisema.

Ndivyo lilivyozaliwa "Neno la Mzee". Ojwang akahamishiwa Alhamisi, kusoma matangazo ya mifugo waliopotea.

"Madam," alimwambia Fancy, akiwa ameshika karatasi kwa vidole viwili, "yaani mimi, na sauti yangu hii, nimekuja duniani kutangaza ndama mwekundu aliyeonekana mara ya mwisho Merigi?"

"Mtangaze kwa hisia," Fancy alimwambia. Alimwonea huruma, lakini kamati ilikuwa kamati, na baba alikuwa baba.

Wiki za kwanza za "Neno la Mzee" hakuna aliyepiga simu. Mzee Mathew alikaa karibu mno na maikrofoni, akapumua ndani yake, akafundisha jinsi ya kumsalimia mkubwa, jinsi ya kukaa ukweni, na kwa nini kijana hafai kuvaa kofia mezani. Kila baada ya muda alisema, "Sasa nafungua simu," akafunga macho na kungoja. Simu ilinyamaza kimya. "Wasikilizaji wanafikiria," alieleza, na kuendelea. Fancy, aliyekuwa upande wa pili wa kioo akiongoza mitambo, alikuwa na wazo tofauti kuhusu walichokuwa wakifanya wasikilizaji, lakini hakulisema.

Kisha Jumamosi moja, baba yake akiwa amemaliza kueleza kwamba mke mwema haongei wakati mume wake anaongea, taa ya simu ikawaka. Fancy karibu aanguke kwenye kiti. Namba ilikuwa ngeni. Akaiunganisha.

"Halo, Redio Umande, uko hewani!" Mzee Mathew alipaza sauti kana kwamba mpiga simu yuko ng'ambo ya bonde.

"Chamgei," ilisalimu kwa Kikipsigis sauti nyembamba, kama ya mtu aliyebana pua kwa leso. "Naitwa Mama Joan. Niko hapa Roret."

"Chamgei mising, Mama Joan! Karibu sana. Umesikia vile nimesema, mke mzuri anangoja mume amalize?"

"Nimesikia. Mimi nimengoja. Ile shida, hamalizi."

Mzee Mathew akacheka kidogo, kicheko cha mtu ambaye hana uhakika kama amechekeshwa. "Sasa wewe Mama Joan, mume yako anajua umepiga simu kwa redio?"

"Mume wangu Jumamosi hapatikani siku hizi. Amepata kazi ya kuongea."

"Anaongea wapi?"

"Mahali watu hawamjibu."

Fancy aliinua kichwa. Kulikuwa na kitu katika sauti ile. Hakukijua mpaka pale mpiga simu alipogeuka ghafla upande na kusahau kubana pua. "Toka hapa! Gavana! Toa pua kwa unga!"

"Mama Joan!" Mzee Mathew alisimama nusu. "Gavana amefika kwako?"

"Ni mbwa."

"Ai! Hata mimi niko na mbwa anaitwa Gavana!"

"Basi itakuwa ni jina ya kawaida," ilisema sauti nyembamba, imerudi puani. "Mzee, mimi nimepiga kuuliza kitu moja. Ojwang mlimpeleka wapi? Sisi akina mama tunachuma majani wiki mzima, mgongo inauma. Hiyo saa moja ya benga ndiyo dawa yetu. Sasa mmetuletea habari ya kofia."

Simu ikakatwa. Fancy alikuwa ameinama chini ya meza, anajifanya kutafuta waya, mabega yakimtikisika. Hakukuwa na Mama Joan. Wala simu haikutoka Roret. Yule alikuwa mama yake mzazi, Rebeccah, amesimama jikoni kwao, anampigia simu mume wake na kumuuliza maswali mbele ya tarafa nzima. Na baba yake, aliyelala kando ya sauti ile kwa zaidi ya miaka thelathini, hakuitambua.

Jioni ile nyumbani walikula ugali kwa mboga za kienyeji na mursik, maziwa mala ya kibuyu. Mzee Mathew hakuweza kutulia.

"Kuna mwanamke Roret," alisema, "hana adabu hata kidogo. Anaitwa Mama Joan. Mlimsikia?"

"Nilikuwa nakamua," alisema Rebeccah, akimwongezea mboga.

"Ananiambia ati sijui kofia! Sijui mgongo! Mwanamke kama huyo, mume yake ni mtu wa aina gani?"

"Hata mimi nashangaa," alisema Rebeccah kwa upole mkubwa.

Fancy alipaliwa na mursik, ikabidi apigwe mgongoni.

"Na wamemwita mbwa yao Gavana," mzee aliendelea. "Watu wa Roret wanatuiga mpaka mbwa."

Kumbe huko Roret kwenyewe mambo yalikuwa yameiva. Watu walikuwa wakiulizana tangu alasiri Mama Joan ni nani, na kuna waliobishana kwamba gavana alionekana kweli, amesimamisha gari karibu na soko.

Baada ya chakula Fancy alimfuata mama yake jikoni, akafunga mlango na kuuegemea.

"Mama Joan," alisema.

Rebeccah aliendelea kuosha sufuria. "Umejulia kwa Gavana?"

"Nimejulia kwa Gavana. Mama, kwa nini hukuniambia tu? Mimi ndiye napanga vipindi."

"Wewe ulipangwa na baba yako." Alisema hivyo bila uchungu, kama anayesema mvua imenyesha. Halafu akakausha mikono, akaketi kwenye kigoda, na kumweleza binti yake jambo ambalo Fancy alikuwa akilijua nusu tu.

Kabla ya kuolewa, na hata miaka ya mwanzo ya ndoa, Rebeccah alichuma chai kwenye shamba la kampuni. Nyumba ya pili kutoka yake alikaa Ayoo, mwanamke wa upande wa Kendu Bay, mrefu, mcheshi, aliyechuma kwa mikono miwili kama mtu anayekama. Jumamosi Ayoo alifungulia redio yake kubwa ya betri, akatoa kiti nje, akawafundisha wanawake wote wa mstari ule kucheza benga, Wakipsigis kwa Wakisii kwa Waluo. Rebeccah alipojifungua mtoto wa kwanza, yule ambaye hakuishi, ni Ayoo aliyemwogesha na kumpikia uji mpaka akaweza kusimama. Na siku aliposimama, Ayoo hakumhubiria. Alifungulia redio. Akamwambia, tutembee kidogo, hatutacheza, tutatembea tu na muziki.

"Saa hii amezeeka, amerudi kwao," alisema Rebeccah. "Mjukuu wake anamshikia redio yenu kwa simu, ile ya mtandao. Kila Jumamosi alikuwa anatuma salamu kwa Ojwang, na wimbo. Alikuwa anasema, huu ni wa Rebeccah wa Kimulot, atingishe mgongo."

"Lakini si mnapigiana simu?"

"Kwa simu tunaongea magonjwa," alisema Rebeccah. "Magoti, presha, macho. Kwa redio alikuwa ananitumia wimbo. Si kitu moja, Fancy."

Fancy alitaka kumrudishia Ojwang saa yake kesho yake asubuhi, lakini mama yake akamkataza. "Wacha. Nimenunua laini mpya ya simu sokoni, bado iko na pesa ndani. Na nimeanza kuona raha."

Raha ilikuwa imeanza kweli. Jumamosi iliyofuata Mama Joan alipiga simu, na iliyofuata hiyo. Walibishana kuhusu mahari, kuhusu wasichana kurithi shamba la chai, kuhusu kama mwanamume anaweza kupika ugali bila kutangaza. Wengine nao wakaanza kupiga. Mwalimu Nyakundi wa shule ya msingi alimuunga mkono mzee kuhusu kofia, akapigiwa na wanawake wanne wa Merigi waliomuuliza kama hana kazi ya kusahihisha. Kwenye senta za majani, chai inakopimwa, watu waliweka simu juu ya magunia na kukusanyika. Kwa mara ya kwanza "Neno la Mzee" lilikuwa na wasikilizaji, na mzee akaanza kunyoa ndevu Ijumaa jioni.

Fancy aliona jingine. Baba yake alikuwa akijitayarisha. Alikuwa akizunguka kwenye zizi akibishana na ng'ombe: "Sasa Mama Joan, ukisema hivyo, mimi nitakuuliza hivi." Na hewani, mtu ambaye nyumbani alitoa amri kisha akaondoka, sasa alikuwa akiinamia maikrofoni na kusema, kwa sauti Fancy hakuwahi kuisikia, "Na wewe Mama Joan, unaonaje?" Kisha akanyamaza na kusikiliza mpaka mwisho.

Jioni moja, wakiwa kwenye chai, akasema peke yake, "Yule mama ako na akili."

Rebeccah aliweka kikombe chini. "Nani?"

"Mama Joan. Leo amesema, shamba ambalo mama anachuma na baba anapokea bonasi, hilo shamba iko na mikono mbili na mfuko moja. Umesikia maneno hiyo? Ningesomesha mtu kama huyo mpaka bunge."

"Ako na akili kunishinda?"

Mzee Mathew alicheka kwa upendo, ndivyo alivyodhani. "Sasa Rebeccah. Wewe huongei mambo kama hiyo."

Rebeccah alikusanya vikombe, kikiwemo cha mumewe ambacho kilikuwa bado na chai, akaenda jikoni. Fancy alipomfuata hakumkuta akicheka safari hii. Alikuwa amesimama, mikono ndani ya maji, haoshi chochote.

"Hayo maneno ya shamba," alisema, "nilimwambia mwaka jana, hapa, akiwa amekaa hapo. Akaniuliza kama ng'ombe wamekunywa maji."

Jumamosi iliyofuata Mama Joan hakupiga simu saa yake ya kawaida. Mzee Mathew alifungua simu mapema kuliko kawaida. Akapokea Nyakundi, akapokea mama wa Merigi, akawamaliza harakaharaka. Alikuwa akiitazama taa. Mwishowe akasema hewani, "Mama Joan wa Roret, kama unasikia, hata kama umekasirika, piga. Kama nimesema kitu mbaya, niambie ni gani." Fancy, nyuma ya kioo, alimwonea huruma baba yake kwa namna mpya kabisa, kama unavyomwonea mtu anayetafuta miwani na ameivaa kichwani.

Dakika za mwisho taa ikawaka.

"Mama Joan!" Furaha ya mzee ilitaka kupasua spika. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na kazi ya nyumbani." Leo sauti haikuwa imebanwa sana puani, ila mzee hakutambua hata hilo.

"Sasa sikiza. Mimi nimefikiria. Hii ya simu haitoshi. Jumamosi ijayo njoo hapa studio. Tukae meza moja, watu wasikie. Nauli tutakutumia."

Fancy aliweka mkono mdomoni.

"Nitakuja," ilisema sauti. "Na nauli usijali. Lakini wewe mzee, usishangae."

"Mimi huwa sishangai," alisema Mzee Mathew.

Wiki nzima wilaya ilizungumza jambo hilo. Ojwang aliweka tangazo lake mwenyewe kati ya ndama na mbuzi waliopotea, akiwaomba wasikilizaji wasikose. Siku yenyewe Mzee Mathew aliondoka nyumbani mapema na koti la kanisani, akamwambia mke wake asisahau kufungulia redio. Rebeccah akamwambia hatasahau. Mumewe alipoondoka, alioga, akavaa gauni lake la buluu la harusi za watu, akafunga kilemba, akaita bodaboda.

Fancy alisikia hatua kwenye ngazi, na mlango ukafunguliwa. Mama yake alisimama, mkoba mkononi, harufu ya dawa ya kupe ikiingia pamoja naye. Ojwang, ambaye hakuwa na kazi yoyote pale siku ile ila hangekosa, alimtazama Rebeccah, akamtazama Fancy, akaelewa yote kwa mara moja, akakaa sakafuni.

Studio ilikuwa hewani. Mzee Mathew aliinua macho.

"Mama Fancy? Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani hakuna mtu," alisema Rebeccah. "Nimeitwa."

"Nani amekuita? Hapa tunangoja mgeni. Tunangoja Mama Joan wa—"

Akaacha hapo. Rebeccah alikuwa amevuta kiti na kuketi mbele ya maikrofoni ya pili. Akabana pua kwa vidole viwili.

"Chamgei, mzee."

Mwanaredio yeyote anajua kwamba kimya hewani ni kama moto kwenye paa. Kidole cha Fancy kilikuwa juu ya kitufe cha muziki. Wimbo wowote ungewaokoa. Lakini alimwona mama yake amekaa wima, hajainamisha kichwa, akaondoa kidole. Kote kwenye senta za majani watu waliinamia simu zao wakidhani zimezimika. Baba yake alifungua mdomo, akaufunga. Uso wake ulipitia hasira, ukapitia aibu, ukatua mahali Fancy hakupajua jina lake.

"Ni wewe," alisema mwishowe, na hakusema kwa wasikilizaji.

"Ni mimi."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na Gavana?"

"Gavana ni Gavana."

Ojwang alitoa sauti kama ya mtu anayezama. Mzee Mathew alijipapasa mifuko ya koti, akatoa kitambaa, akafuta paji la uso. Alipozungumza, alizungumza polepole. "Haya mambo yote. Ya shamba. Ya mikono mbili. Hujawahi kuniambia."

"Nimekuambia," alisema Rebeccah. "Hujawahi kuniuliza. Mama Joan unamuuliza, unaonaje. Mimi unaniuliza maji ya ng'ombe. Mimi nimekaa hapo jikoni, nimemwonea huyo mwanamke wivu, na ni mimi mwenyewe."

Hapo mzee angeweza kusimama na kuondoka. Fancy alikuwa tayari na wimbo. Kiburi cha mzee kilikuwa kikubwa, na kilikuwa kimevaa koti la kanisani. Lakini alikuwa pia mtu mkweli, hata kama ukweli ulimchukua muda kumfikia. Alisogeza kiti chake, akageuza maikrofoni iwe katikati yao.

"Wasikilizaji," alisema, na sauti yake ikakwaruza kidogo, "mgeni wetu amefika. Hatoki Roret. Anatoka kwangu." Akamgeukia. "Sasa Rebeccah. Hii maneno ya penka. Wewe unaonaje?"

Rebeccah alimwambia. Alieleza habari za Ayoo, za kiti kilichotolewa nje, za kutembea na muziki siku ambayo hakuweza kucheza. Kuhusu mtoto yule alisema sentensi moja tu, lakini mume wake aliinamisha kichwa, kwa maana siku zile yeye alikuwa kazini mbali, na hakuwahi kuuliza ni nani aliyepika uji. Hakumkatiza hata mara moja. Simu zote za kituo zilikuwa zikiwaka, na Fancy hakupokea hata moja.

"Basi," alisema mzee, mke wake alipomaliza, "huyo Ayoo, amesikia leo?"

"Anasikia. Mjukuu amemshikia simu."

Mzee Mathew akainamia maikrofoni, karibu mno kama kawaida yake, akapumua ndani yake. "Ayoo," alisema, "mimi ni bwana ya Rebeccah. Kongoi, asante. Nimechelewa kusema." Kisha akamtazama Ojwang aliyekuwa bado sakafuni. "Na wewe kijana unakaa chini kwa nini? Weka hiyo wimbo yenu."

Ojwang hakungoja kuambiwa mara ya pili. Gitaa likalia. Mzee Mathew alikunja uso kama mtu anayemeza dawa, akavumilia wimbo wote mpaka mwisho. Alipoulizwa na mke wake ameuonaje, alisema bado ni mbuzi kwenye waya, ila sasa anaelewa kwa nini mbuzi analia.

Kamati ilikutana Jumatatu, na kwa mara ya kwanza mwenyekiti alianza kwa kuuliza wengine maoni yao, jambo lililowatisha mpaka hakuna aliyejibu. Ojwang alirudishiwa Jumamosi yake. Matangazo ya mifugo akapewa mtu mwingine, naye Ojwang akalalamika kwamba sasa yanasomwa bila hisia. "Neno la Mzee" lilihamia Jumanne jioni, likabadilishwa jina kuwa "Meza Moja", na likawa na maikrofoni mbili. Mzee anasema, Rebeccah anasubiri amalize, halafu anamwambia alikokosea. Fancy amejaribu kuwaeleza kwamba kipindi ni saa moja tu. Hakuna hata mmoja wao anayemsikia.

Kuna jambo moja tu ambalo Mzee Mathew hajalizoea. Siku hizi akienda sokoni, hata watu asiowajua humpa mkono kwa heshima nyingi, wakiitana, "Njooni mumwone, huyu ndiye bwana ya Mama Joan." Yeye huwaeleza kwa kirefu kwamba hakuna Mama Joan, kwamba mke wake anaitwa Rebeccah, na kwamba hawajawahi kuishi Roret. Wao humsikiliza mpaka amalize, kisha wakamwambia amsalimie Mama Joan. Naye, akifika nyumbani, humsalimia.